Daftari la Ziwa la Tatu

Kufikia Jumatatu asubuhi, wazamiaji walikuwa wameshalipekua ziwa la pili mara mbili na hawakuambulia hata kofia.

Inspekta aliipata habari hiyo kabla hajashuka garini. Mkuu wa askari wa hifadhi, mwanamume mrefu ambaye sauti ilikuwa imemkauka kwa kuita jina la mtu siku nzima ya Jumapili, alimfungulia mlango akaanza kueleza hapohapo, mkono mmoja bado umeshika kitasa.

"Tumeanza Jumamosi jioni, afande. Jana tulikuwa watu thelathini. Leo nimebaki na kumi na wanane, wengine miguu imegoma."

"Mmetafuta wapi?"

"Ziwa la pili. Ukingo wote, na ndani ya maji. Ndiko alikopotelea."

"Nani kasema?"

Mkuu wa askari akamtazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza upande gani. "Mume wake."

Inspekta alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mfupi, miwani yake ikining'inia shingoni kwa uzi. Kituoni kwake askari wadogo walimwita Mama Tena. Jina hilo alilipata kwa tabia yake moja: ukimaliza kumsimulia jambo, hata kama umelisimulia kwa machozi, yeye husema, "Tena." Wapo watuhumiwa waliokiri makosa yao kwa sababu tu walichoka kusimulia.

Akasimama kando ya gari, akaitazama milima. Maziwa yalikuwa matatu, yamepangana kama ngazi. La kwanza lilikuwa hapo chini, kando ya barabara, na ukingoni mwake ndipo ilipojengwa nyumba ya wageni. La pili lilikuwa mwendo wa saa mbili kupanda. La tatu lilikaa juu kabisa, chini ya kilele, saa mbili nyingine kwa mtu mwenye mapafu mazuri. Siku hiyo hakuna lililoonekana isipokuwa la kwanza. Juu yake kulikuwa na ukungu mtupu.

"Usiku kunakuwa na baridi kiasi gani?" aliuliza.

"Maji kwenye ndoo yanashika ganda la barafu."

Usiku mbili zilikuwa zimekwisha kupita.

Mume alikuwa amekalishwa katika ofisi ya mkuu wa askari, chumba chenye meza moja, redio ya mawasiliano na ramani ya hifadhi iliyobandikwa ukutani. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na sita, kifua kipana, mabega ya mbeba vyuma. Kazi yake ilikuwa kufundisha michezo katika shule ya sekondari. Chai iliyowekwa mbele yake ilikuwa imeshapoa na kufanya utando. Koplo, aliyemwendesha Inspekta tangu alfajiri, akaegemea mlango akajaribu kunyamaza, kazi ambayo hakuwa na kipaji nayo.

"Pole, mwalimu."

"Asante, mama."

"Nisimulie."

"Tulifika Ijumaa jioni. Jumamosi tukatoka hapa saa moja asubuhi, saa tatu tukawa ziwa la pili. Tukawa tunatembea ukingoni, yeye mbele, mimi nyuma. Kama saa nne hivi nilisimama kuvua sweta. Nilipotoa kichwa, ukungu ulikuwa umeshuka kama pazia. Nikamwita. Kimya. Nikamtafuta mpaka saa tisa, ndipo nikashuka kutoa taarifa."

"Tena."

Akarudia. Ukungu ukashuka kama pazia.

"Tena."

Mara ya tatu pazia likashuka mahali palepale, baada ya sweta, kabla ya kimya. Inspekta akaandika neno hilo moja kwenye kijitabu chake. Aliyeliona jambo hulisimulia kila mara kwa namna nyingine; leo ataanza na baridi, kesho ataanza na sauti. Aliyelitunga hulisoma.

"Ulimtafuta muda wa saa tano," alisema. "Ukingoni?"

"Ukingoni. Nimelizunguka ziwa lote mara mbili."

"Kwa viatu gani?"

"Vya kupandia mlima. Viko chumbani."

"Mlibeba chakula?"

"Mpishi alitufungia. Kila mtu pakiti yake."

"Yako ulikula?"

Mwalimu akakizungusha kikombe cha chai mpaka mkono wa kikombe ukatazama upande mwingine. "Sikuwa na hamu."

"Mligombana?"

"Hapana."

Jibu hilo lilikuja upesi kuliko mengine yote. Inspekta akafunga kijitabu, akamwomba abaki hapohapo.

Barazani walimkuta dada mkubwa wa aliyepotea. Alikuwa amesafiri Jumamosi usiku kucha, na tangu afike hakuwa amekubali kukaa kwenye kiti. Alisimama, amejifunga shuka mabegani, akiutazama mlima.

"Mama, mdogo wangu anapima ardhi mwaka wa kumi na mbili huu," alisema kabla hajaulizwa. "Kalala porini na vyombo vyake, kapita mabonde ambayo hata mbuzi wanayaogopa. Hajapotea hata siku moja. Leo apotee kwa kuzunguka dimbwi?"

"Shemeji yako unamwonaje?"

"Mtu wa sifa. Sherehe haiishi kabla hajatembea kwa mikono, miguu juu." Akavuta pumzi. "Lakini nisimsingizie. Kumpiga mwenzake sijasikia. Hii safari kaitoa yeye, kumshangaza mkewe kwa miaka sita ya ndoa. Ila jana nimemuuliza mara nne: shemeji, mlitengana vipi? Mara zote nne ameangalia chini. Mtu asiye na hatia anaangalia nini chini, mama? Kadondosha sindano?"

Inspekta hakumjibu. Koplo alimjibu, walipokuwa wakienda kwenye vyumba na dada mkubwa hawasikii.

"Kamtosa majini, afande. Hapa tunasubiri mwili uelee."

"Usiupeleke mkokoteni mbele ya punda."

Chumba chao kilikuwa cha tano, mwisho wa ujia. Mhudumu wa vyumba aliwafungulia kwa funguo zilizofungwa kwenye kipande cha ubao. Alikuwa mama wa makamo, mikono iliyokakamaa kwa maji baridi, na alikuwa na dukuduku.

"Aliyekuja kutafuta mtu atafute," alisema, "ila na mimi mnitafutie fundi wa bomba. Huyo baba kanizibia sinki."

Inspekta akageuka. "Lini?"

"Jumamosi jioni. Kaingia hapa kama saa kumi hivi, hajasalimia mtu. Nikasikia maji yanamwagika, nikachungulia nijue kama anataka taulo. Namkuta anafua koti. Nikamwambia, baba, tuna dobi hapa. Kafunga mlango."

"Na taarifa ya mkewe alitoa saa ngapi?"

"Saa kumi na moja," Koplo akajibu, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kafua kwanza, ndipo akaripoti. Afande, hiyo ni damu."

Koti lilikuwa limetundikwa bafuni, bado na unyevu. Inspekta alivaa miwani, akalipeleka dirishani, akaupindua mshono wa kola na wa mikono yote miwili. Kisha akalileta karibu na pua, akamkabidhi Koplo.

"Nusa."

Koplo alinusa, akarudi nyuma hatua mbili.

"Si ndiyo nilikuwa nawaambia!" mhudumu akasema. "Matapishi. Nimetoa mayai ya asubuhi humo kwa vidole vyangu. Damu inaziba sinki?"

"Haizibi," alisema Inspekta. "Huyo baba alikuwa anaumwa?"

"Tangu Ijumaa usiku. Watu wa bondeni wakipanda huku vichwa vinawagonga, hewa ni nyembamba. Kaja kwangu kuomba dawa ya kichefuchefu, anatetemeka. Nikampa. Kaniomba nisimwambie mkewe."

"Alisema kwa nini?"

"Alisema yeye ndiye anayefundisha wenzake mazoezi." Mhudumu akatikisa kichwa. "Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Kacheka."

Viatu vilikuwa chini ya kitanda, vimepangwa vizuri. Inspekta alivigeuza. Kwenye mifereji ya soli kulikuwa na vumbi jekundu, kavu, ambalo lilidondoka alipolikwangua kwa ukucha. Ndani ya mkoba wa mgongoni wa mwalimu kulikuwa na pakiti ya chakula, fundo la mpishi halijafunguliwa: mkate, mayai mawili, ndizi iliyokwisha kuwa nyeusi. Alivibeba vyote, viatu na pakiti, akatoka navyo.

Alisimama barazani, kwa sababu watafutaji wa zamu ya usiku walikuwa wamerudi kupumzika na viatu vyao vilikuwa vimepangwa ukutani, jozi kumi na moja. Vyote vilikuwa vimekaukiwa na tope jeusi mpaka juu ya vifundo, gumu kama saruji. Inspekta akaviweka vya mwalimu mwishoni mwa safu. Hata Koplo hakuhitaji kuelezwa.

"Mkuu," Inspekta aliita, "ziwa la pili lina upande wowote mkavu?"

Mkuu wa askari alikuja akijifuta mikono. "Hakuna, afande. Ni tope mwanzo mwisho. Ukilikanyaga mara moja utakwenda nalo mpaka kwenu."

"Mtu akichoka kabla ya kulifikia, anakaa wapi?"

"Kuna banda la kupumzikia, juu ya jabali, dakika kumi kabla ya maji. Wageni wanaozidiwa na hewa huwa tunawaacha pale." Akaviona viatu vya mwisho kwenye safu. Akainama akazitazama soli.

"Hakufika ukingoni," alisema Koplo. "Kamuulia njiani."

"Au hakumuua. Aliketi kwenye banda anatapika, na mkewe akaendelea." Inspekta alimgeukia mkuu wa askari. "Mtu akiendelea kutoka pale, anakwenda wapi?"

"Anapita la pili, anapanda la tatu. Njia ni moja."

"Nani amekwenda kumtafuta kwenye ziwa la tatu?"

"Hakuna, afande. Tungekwendaje, mume kasema la pili? Watu wenyewe ndio hawa."

"Mtu akifika kule juu, anaacha alama yoyote?"

Mkuu wa askari akavua kofia yake. "Kuna sanduku la chuma kwenye nguzo. Ndani kuna daftari. Kila anayefika anaandika jina."

"Mmeliangalia?"

"Hapana."

"Nani yuko karibu nalo sasa hivi?"

Aliangalia saa. "Mpima mvua. Kila Jumatatu hupanda kusoma vipimo. Atakuwa anakaribia kufika." Hakumaliza kusema, alikuwa ameshakimbilia ofisini kwenye redio.

Mwalimu alishtuka mlango ulipofunguliwa kwa kishindo. Mkuu wa askari alimpita kama hamwoni, akashika kisemeo, akaita mara tatu hadi sauti ya mbali ikajibu. Alitoa maagizo kwa maneno machache. Inspekta akatandika gazeti juu ya meza, akaweka viatu, akaweka pakiti pembeni yake, akaketi.

"Tena," alisema.

"Tulitoka hapa saa moja asubuhi," mwalimu alianza. "Saa tatu tukawa ziwa la pili. Tukawa tunatembea ukingoni, yeye..."

Alikuwa ameviona viatu. Nje, kwenye dirisha lililokuwa wazi, mmoja wa watafutaji alikuwa akivaa vyake, na tope lilikuwa likibanduka vipande vipande kila alipovuta kamba. Mwalimu alimtazama mtu yule, akatazama mezani.

Redio ikakoroma.

"Nimefika kwenye sanduku," ilisema sauti ya mpima mvua, akihema. "Ninalo daftari. Jumamosi kuna jina moja tu. Ni la yule mama."

Dada mkubwa alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyejua alifika saa ngapi.

"Soma," alisema mkuu wa askari. "Soma kila kitu."

"Saa sita na dakika arobaini. Kaandika hivi: 'Niko peke yangu. Ukungu umefunga njia niliyopandia. Nafuata mgongo wa mashariki mpaka kibanda cha mawe, nitasubiri huko mpaka ufunguke. Mume wangu yuko kwenye banda la ziwa la pili, hajisikii vizuri. Atakayepita amwambie asiwe na wasiwasi, nipo.' Basi. Hakuna zaidi."

"Achana na mvua. Nenda kwenye kibanda cha mawe. Sasa hivi."

"Ni nusu saa, mkuu."

"Basi usiongee, tembea."

Mkuu wa askari alitoka nje kupanga watu, na sauti yake iliyokauka ikasikika barazani ikiita machela, blanketi, gari la kuzungukia barabara ya mashariki. Dada mkubwa hakuondoka mlangoni. Mwalimu alikuwa ameuweka uso wake ndani ya viganja.

"Miguu ilikataa," alisema kutoka humo. "Kichwa kilikuwa kinapasuka. Nilikaa kwenye banda mpaka saa nane, nikamsubiri, hakurudi. Nikajaribu kupanda. Hatua ishirini nikaanguka. Nikashuka."

"Ukafua koti."

"Nikafua koti."

"Jumamosi ulikuwa na homa ya mlima, tuseme akili haikuwa yako," alisema Inspekta. "Jumapili ulikuwa umepona. Watu thelathini walikuwa ndani ya tope mbele ya macho yako. Mbona hukusema?"

"Nilijua watamaliza ziwa la pili, watapanda la tatu. Nilidhani watapanda." Akashusha mikono. "Kila saa nilisema, wakirudi hawajampata, nasema. Wanarudi, wananipa pole, wananishika bega. Sasa nitasemaje kwamba sikuwepo?"

Dada mkubwa akasema neno moja tu. "Usiku mbili, shemeji."

Koplo alitoka akarudi na chai nyingine, ikapoa kama ya kwanza. Dakika thelathini na saba zilipita kwa saa ya ukutani ndipo redio ikakoroma tena, na mpima mvua alikuwa amesahau utaratibu wote wa kuzungumza redioni.

"Yupo! Yupo hapa, mkuu. Anapumua, anaongea. Mguu umevunjika juu ya kifundo. Kaniuliza leo ni siku gani."

Dada mkubwa aliketi. Aliketi chini, sakafuni, palepale mlangoni.

Machela ilifika barabara ya mashariki saa tisa na nusu alasiri. Gari la wagonjwa lilikuwa limesimama milango wazi, na mganga wake alimpima mama yule akiwa bado mikononi mwa wabebaji. Midomo ilikuwa imepasuka, vidole vya mkono mmoja havikuwa na hisia. Aliteleza Jumamosi mchana, hatua hamsini kabla ya kibanda, akazitambaa zote. Ndani ya kibanda alipasua shuka la plastiki la mkoba wake akakinga maji ya paa. Mkate aliugawa vipande sita, na viwili vilikuwa bado mfukoni. Hayo yote alimweleza Inspekta kwa mpangilio, kwa saa na kwa umbali, kama mtu anayesoma ripoti ya kazi.

Kisha akamwona mumewe.

"Umepona?" alimuuliza.

"Nimepona."

"Niliandika kwenye daftari. Nikajua utawaambia nilipanda juu, wataenda, wataona."

Mwalimu alitazama wabebaji, akamtazama Inspekta. Hakuna aliyemsaidia. "Sikuwaambia," alisema. "Niliwaambia tulikuwa pamoja. Ukingoni, ziwa la pili."

Mke alimwangalia kwa muda. Hakuonyesha hasira. Alikuwa na sura ya mpimaji anayekisoma kipimo mara ya pili kwa sababu cha kwanza hakikuingia akilini.

"Kwa nini?"

"Niliona aibu."

Mganga alikuwa ameshapanda garini. "Nafasi ni ya jamaa mmoja," alisema. "Nani anakuja?"

Mwalimu alipiga hatua. Mkewe alitoa mkono nje ya blanketi, ule wenye hisia, na mkono ukampita.

"Dada," alisema.

Dada mkubwa alipanda, akaketi, akaushika. Milango ikafungwa. Gari liliondoka polepole kwa sababu ya mawe ya barabarani, kwa hiyo lilichukua muda mrefu kupotea kwenye kona, na mwalimu alisimama muda wote huo.

Inspekta alimngoja. Mwalimu alipogeuka, alimkuta ameshatandika karatasi safi ya maelezo juu ya boneti la gari, na kalamu juu yake.

"Kutoa taarifa ya uongo kwa askari ni kosa. Unajua."

"Najua, mama."

"Maelezo ya kwanza nitayaambatanisha kama yalivyo. Haya utayaandika mwenyewe, kwa mkono wako. Anza Jumamosi, kwenye banda."

Mwalimu aliinama, akaandika mistari minne bila kusita. Wa tano ukamshinda. Kalamu ilibaki hewani.

"Niandike na kwamba hakutaka kwenda?"

Inspekta alivua miwani. "Hakutaka?"

"Alitaka tushuke wote. Alishanivua mkoba aubebe yeye. Mimi ndiye niliyemfukuza. Nilimwambia nimekuleta huku uone maziwa, nenda kayaone, usinikalie hapa. Sikutaka anione natapika."

"Akasemaje?"

"Hakusema kitu. Aliniwekea chupa zote mbili za maji pale nilipokaa, akapanda bila hata moja."

Koplo, aliyekuwa amesimama karibu na gurudumu, aliangalia pembeni. Inspekta akairudisha miwani usoni, akaishika karatasi kwa kidole isipeperuke.

"Andika na hilo," alisema.

Mwalimu akaandika.